Ukienda Japani, keti jukwaa la wageni

Kila mara vijana wa Moshi wanaojiandaa kwenda Japani kwa mafunzo wanaponiuliza siku za mapumziko wazitumieje, jibu langu huwa ni moja: nendeni mkatazame besiboli ya kulipwa, na mkikata tiketi, kateni ya jukwaa la wageni, yaani la mashabiki wa timu ngeni. Swali lenyewe si jipya hapa kwetu. Tangu skimu ya umwagiliaji ya Lower Moshi ilipokamilika mwaka 1987 kwa msaada wa Japani, na baadaye kituo cha mafunzo ya kilimo cha Chekereni kilipoanzishwa, maofisa kilimo na mafundi wa mifereji wa Kilimanjaro wamekuwa wakienda huko kujifunza habari za mpunga na maji, na wengi hufikia Tsukuba, mji ulio kaskazini-mashariki mwa Tokyo. Nami nilipitia njia hiyo hiyo. Wanaorudi husimulia treni, usafi na baridi. Mimi napenda kusimulia viwanja, kwa sababu sijaona mahali pengine ambapo mgeni huwaona Wajapani vizuri kama pale, wakiwa maelfu kwa maelfu, wakiimba, wakifurahi, wakisononeka, na bado wakiheshimu zamu ya mwenzao.

Besiboli iliingia Japani mwaka 1872, pale mwalimu Mmarekani, Horace Wilson, alipowafundisha wanafunzi wake wa Tokyo. Ligi ya kulipwa ilianza mwaka 1936, na tangu mwaka 1950 ziko ligi mbili, Central na Pacific, ambazo leo zina timu sita sita. Kila timu hucheza michezo 143 katika msimu wa kawaida, kuanzia mwishoni mwa Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba, na kwa hiyo karibu kila siku ya juma, isipokuwa Jumatatu, kuna mchezo mahali fulani. Kwa mtu aliyezoea kuisubiri timu yake tangu Jumapili moja hadi nyingine, hiyo ni neema kubwa.

Kanuni za mchezo ni nyingi, na sikusudii kuzieleza zote hapa. Inatosha kujua kwamba mchezo una awamu tisa. Kwamba katika kila awamu timu moja hupiga mpira kwa gongo huku nyingine ikirusha na kuulinda uwanja, kisha zinabadilishana baada ya wapigaji watatu kutolewa. Na kwamba wageni ndio wanaoanza kupiga katika kila awamu, wenyeji wakafuata. Kanuni hii ya mwisho ishikeni sana, kwa maana yote nitakayoyaeleza yamejengwa juu yake.

Katika uwanja wa besiboli, majukwaa yaliyo karibu na mpigaji ni ya bei kubwa na watu wake ni watulivu. Mashabiki wenye kelele huketi mbali kabisa, nyuma ya uwanja wa nje, na mara nyingi, ukitazama kutoka alipo mpigaji, wenyeji hushika upande wa kulia na wageni upande wa kushoto. Huko nyuma ndiko tiketi zilikokuwa nafuu zaidi nilipokuwapo, yeni 2,000 na ushee, ingawa siku hizi klabu nyingi hupandisha na kushusha bei kulingana na siku na mpinzani. Mtu anayetaka kumsoma mrushaji, kuona jinsi mpira unavyopinda kabla ya kumfikia mdakaji, atakaa mbele na hatajuta. Mtu anayetaka kuwajua watu atakwenda nyuma, na akiwa nyuma, kwa maoni yangu, upande wa kushoto una faida kuliko wa kulia.

Niliufahamu ukweli huo katika uwanja wa Meiji Jingu, uliopo katikati ya Tokyo, ambao ulifunguliwa mwaka 1926 na ambao Babe Ruth mwenyewe, mchezaji mashuhuri wa besiboli, aliuchezea mwaka 1934 alipozuru Japani pamoja na wenzake kutoka Marekani. Kutoka Tsukuba safari ni rahisi: treni ya haraka hadi Akihabara kwa dakika 45 hivi, kisha treni ya mstari wa Sobu hadi kituo cha Shinanomachi, na kutoka hapo unatembea kwa miguu ukiufuata msururu wa watu waliovaa jezi. Wenyeji wa uwanja ni Yakult Swallows. Sisi tulikwenda na mwalimu wetu wa somo la ugawaji wa maji, mzaliwa wa Hiroshima, naye hakufikiria hata kidogo kutuketisha upande wa wenyeji; alitupeleka moja kwa moja jukwaa la kushoto, katikati ya umati uliovaa nyekundu, watu wa Hiroshima Toyo Carp.

Mchezo ulipoanza, jukwaa lote la wekundu lilisimama. Mbele yetu alikuwapo kiongozi wa ushangiliaji, akiwa amewapa mgongo wachezaji na kututazama sisi, kwa kuwa kazi yake ni kuongoza sauti na si kutazama mchezo. Nyuma yake zilikuwapo ngoma na tarumbeta. Kila mpigaji ana wimbo wake mwenyewe, wenye maneno yake na makofi yake, na mara mpigaji mmoja anapotoka na mwingine kuingia, tarumbeta hubadili wimbo papo hapo na maelfu ya watu hubadilika nazo bila kukosea. Mashabiki wa Carp wana desturi yao ya kuinuka na kuchutama kwa kupokezana, kundi hili likiwa juu lile likiwa chini, hivi kwamba jukwaa zima huonekana likipanda na kushuka. Bibi mmoja aliyekaa karibu nami, mwenye umri wa kunizaa, alinionyesha kwa mikono yake mahali pa kupiga makofi na mahali pa kutaja jina la mchezaji, na aliporidhika kwamba nimeshika, aliniinamia kichwa kidogo na kuendelea kuimba.

Kisha mpigaji wetu wa tatu akatolewa, na watu wote wakaketi. Tarumbeta zikanyamaza. Ngoma zikanyamaza. Sauti ikahamia ng'ambo ya pili, kwa wenyeji, ambao muda wote tulipokuwa tukiimba walikuwa wamekaa, wakila, wakizungumza, wakipiga makofi tu pale mlinzi wao alipoudaka mpira vizuri. Sasa ilikuwa zamu yao, nasi tukawasikiliza. Ndivyo ilivyoendelea usiku mzima, kama kwaya mbili katika mashindano ya uimbaji ya usharika, moja ikisimama na nyingine ikikaa kuisikiliza. Mimi ni shabiki wa mpira wa miguu tangu utotoni, na naupenda mvumo wa uwanja wetu Simba na Yanga wanapokutana, pale pande zote mbili zinapopiga kelele kwa wakati mmoja na aliye na watu wachache akazidiwa. Lakini huko Jingu niliona jambo ambalo sikuwahi kulifikiria: kwamba wageni, hata wakiwa wachache, wanaweza kupewa nusu kamili ya muda wa kusikika, na kwamba wenyeji wanaweza kuwapa nafasi hiyo bila kupunguza hata chembe ya mapenzi kwa timu yao. Sisi husema mcheza kwao hutunzwa, nayo ni kweli hata Japani, ila huko anatunzwa zamu yake ikifika.

Utaratibu huu hautokei wenyewe. Ngoma, tarumbeta na bendera kubwa havipigwi wala kupeperushwa na kila anayejisikia. Vikundi vya ushangiliaji huomba kibali na huwajibika kwa kanuni. Wakati wa Uviko-19 kushangilia kwa sauti kulipigwa marufuku viwanjani, na mashabiki walikaa wakipiga makofi tu, hadi msimu wa 2023 sauti ziliporudi kikamilifu. Mwalimu wetu alipotueleza habari za miaka ile, alisema alikuwa akienda uwanjani akiwa na nyimbo zote kichwani na midomo imefungwa. Naamini kwamba kwa mtu wa Hiroshima jambo hilo lilikuwa gumu kuliko kwa wengine.

Nasema hivyo kwa sababu ya historia ya klabu yenyewe, ambayo inapaswa kumgusa kila mtu aliyekulia Moshi. Bomu la atomiki liliangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945. Miaka michache tu baadaye, mji ukiwa bado unajengwa upya, watu wake walianzisha timu ya besiboli, ambayo iliingia katika ligi mwaka 1950 bila kampuni kubwa ya kuibeba kama zilivyokuwa timu nyingine. Mwaka 1951 fedha zilikwisha na klabu ilikuwa inakaribia kuvunjwa au kuunganishwa na nyingine, ndipo mashabiki walipoweka mapipa ya michango nje ya uwanja na kila mpita njia akatumbukiza alichokuwa nacho. Klabu ilipona. Ilichukua hadi mwaka 1975 kutwaa ubingwa wa ligi yake kwa mara ya kwanza. Hapa kwetu, wazee waliounda chama cha wakulima wa kahawa mwaka 1925, na kisha muungano wao wa ushirika, KNCU, mwaka 1933, walijua maana ya watu wa kipato kidogo kuchangia kitu kikubwa kwa senti zao wenyewe. Ndiyo maana mwalimu alipotusimulia habari za mapipa yale, sisi watu wa Kilimanjaro hatukuhitaji maelezo marefu. Tangu siku hiyo mimi ni mtu wa Carp, na sijaona sababu ya kuhama, ingawa taji lao la mwisho la Japani nzima ni la mwaka 1984.

Awamu ya saba ndiyo kilele cha ushangiliaji. Kabla haijaanza, wimbo wa timu ya wageni huimbwa kwanza, kwa sababu wageni ndio wanaoanza kupiga, na katika viwanja vingi wenyeji wenyewe huupiga kwenye vipaza sauti vyao. Fikirini uwanja wa nyumbani ukiupiga wimbo wa mpinzani, na maelfu waliosafiri wakiuimba wakiwa wamesimama. Wageni wakimaliza kupiga, huja zamu ya wimbo wa wenyeji, na huko Jingu ndipo mashabiki wa Swallows wanapofungua miavuli midogo, ya kijani, ya buluu, ya waridi, na kuichezesha juu na chini kwa mdundo wa wimbo wa zamani wa jijini Tokyo. Hufanya hivyo pia kila timu yao inapopata alama. Hapa ndipo faida ya jukwaa la kushoto ilipo. Aliyeketi kulia yumo ndani ya miavuli na huona mgongo wa aliye mbele yake. Aliyeketi kushoto huiona yote, kutoka ukingo hadi ukingo, chini ya taa za usiku. Kila wenyeji walipopata alama niliumia kwa ajili ya timu yangu, na papo hapo nikafurahi kwamba niliiona.

Chakula sitakisema sana. Viwanja vingi vinaruhusu kuingia na chakula ulichonunua nje, ila makopo na chupa za kioo hukatazwa, na mlangoni watakumiminia kinywaji chako katika kikombe cha karatasi. Wali wa boksi ni mzuri, na sisi tuliokwenda kusomea mpunga tulikuwa na mengi ya kuujadili. Bia huuzwa na vijana, wengi wao wasichana, wanaopanda na kushuka ngazi wakiwa wamebeba mgongoni pipa la kilo 15 hivi, na kazi hiyo huifanya kwa uchangamfu ambao unastahili heshima.

Uwanja mwingine ninaopaswa kuueleza kwa kirefu ni Koshien, ulioko Nishinomiya kati ya Osaka na Kobe, nyumbani kwa Hanshin Tigers tangu zamani. Ulifunguliwa mwaka 1924 kwa ajili ya mashindano ya shule za sekondari, na hadi leo kila Agosti timu ya kulipwa huwapisha wanafunzi na kwenda kucheza kwingine kwa majuma kadhaa. Huko mgeni hupata kipande kidogo tu cha jukwaa la kushoto, na pande zote zilizobaki ni manjano ya Tigers, zaidi ya watu 40,000 uwanja ukijaa. Mwaka 2023 watu hao waliona timu yao ikitwaa ubingwa wa Japani kwa mara ya kwanza tangu 1985, na subira ya namna hiyo huisikia mtu katika sauti yao. Tukiwa kundi dogo jekundu katika kona yetu, bado zamu yetu ilipofika tuliimba na tukasikika.

Hata hivyo kilichonivuta zaidi Koshien kilikuwa udongo. Uwanja wa ndani wote, yaani eneo wanamokimbia wapigaji na kusimama walinzi wa karibu, ni udongo mtupu bila jani hata moja, na udongo huo ni mchanganyiko wa udongo mweusi na mchanga. Mafundi wa uwanja huubadili mchanganyiko kulingana na majira: wakati wa mvua za machipuko huongeza mchanga ili maji yapite upesi, na wakati wa kiangazi huongeza udongo mweusi ili mpira mweupe uonekane vizuri kwenye jua kali. Kabla ya mchezo walitoka na bomba moja nene na refu, mmoja akashika mdomo wake na wengine wakalibeba kwa nyuma ili lisiburuzwe na kukwaruza uso waliokwisha kuusawazisha, na maji yakarushwa juu ili yaanguke kama mvua nyepesi. Walitembea pamoja, wakizunguka polepole, hadi udongo wote ukawa na rangi moja. Hakuna sehemu iliyotuama maji, hakuna sehemu iliyobaki kavu. Mtu ambaye kazi yake ni kugawa maji katika majaruba anajua ugumu wa kulipata hilo hata katika shamba la nusu ekari, na mimi nilisimama wakati wote wa kazi ile nikitazama mikono yao. Baada ya awamu ya tano walirudi tena kuusawazisha. Mashabiki wanawafahamu mafundi hao na huwapigia makofi, na wanafunzi wanaoshindwa katika mashindano ya Agosti huchota udongo wa uwanja huo na kuondoka nao kama kumbukumbu.

Sasa yale ya kuzingatia kwa anayekwenda. Jukwaa la wageni lina masharti yake, na masharti huandikwa kwenye tiketi na mlangoni. Jezi ya wenyeji hairuhusiwi humo, na kadhalika jezi ya wageni hairuhusiwi katika jukwaa la ushangiliaji la wenyeji. Mtu asiye na jezi avae nguo ya kawaida isiyo na rangi ya mpinzani. Usinunue tiketi bila kuangalia upande ulioandikwa, kwa kuwa majina ya majukwaa hutofautiana kutoka klabu hadi klabu, na viko viwanja vichache ambamo wageni hawaketi kushoto. Kila klabu huuza tiketi zake yenyewe kwa mtandao, na baadhi hupatikana pia kwenye mashine zilizomo katika maduka madogo yanayofunguliwa usiku na mchana. Jukwaa la wageni la Koshien ni dogo na hujazwa mapema sana, kwa hiyo asiyetaka usumbufu aanze na Jingu. Ukiwa umekaa karibu na uwanja na ukasikia filimbi ya mhudumu, inua macho mara moja, maana mpira unakuja jukwaani, na mpira huo ni mgumu.

Mchezo huchukua kama saa tatu, lakini unaweza kuzidi. Timu zikiwa sare baada ya awamu tisa huongezewa awamu, na zikifika awamu ya 12 bila mshindi mchezo huishia hapo kwa sare. Kwa hiyo anayelala Tsukuba na aijue saa ya treni yake ya mwisho kabla hajaondoka. Michezo ya usiku huanza mara nyingi saa kumi na mbili jioni kwa saa za huko, ambayo kwetu ni saa sita mchana, na ndiyo sababu wenzangu ofisini wamenizoea nikishika simu wakati wa chakula kuangalia matokeo ya Carp.

Jambo la mwisho ni majira. Anayepangiwa kozi ya Aprili aende uwanjani na koti, kwani usiku wa Tokyo mwezi huo una baridi kuliko usiku wetu wa Julai. Juni huwa na mvua, na michezo ya viwanja visivyo na paa huahirishwa. Julai na Agosti joto ni kali mno hata kwa mtu wa Kahe, tambarare yetu yenye joto. Septemba ndiyo bora, joto likiwa limeanza kupungua na timu zikigombea nafasi za juu mwishoni mwa msimu. Aliyepangiwa kufika Novemba atakuta msimu umekwisha, lakini akiwapo bado mwezi Februari ajue kwamba timu hupiga kambi ya mazoezi Okinawa na Miyazaki, na mara nyingi mazoezi hayo hutazamwa bila kiingilio.